Apu Ikikataa Kuingia, Usifute ya Zamani

Umeuza mbuzi watano sokoni Merti, pesa zimeingia kwa simu, lori limeshaelekea Isiolo. Jioni mtu anakutumia faili kwa WhatsApp: "Hii ndiyo apu mpya ya pesa, haikati chochote ukituma." Bando ni ghali na mtandao unasuasua, kwa hivyo unaona umesaidiwa. Unabonyeza. Simu inakuambia apu haikuwekwa. Ukimwuliza, anajibu haraka: "Futa kwanza ile ya zamani."

Hapo simama.

Apu ya Android inaweza kufunguliwa kama vile fundi anavyofungua redio mezani. Mwenye ujuzi huisoma ndani, hubadilisha mistari michache, kisha huifunga tena. GBWhatsApp, ambayo wengi wetu tumeiona, ni WhatsApp iliyochokorwa hivyo na watu wengine, si kampuni yenyewe. Kwa apu ya pesa, mistari hiyo michache inatosha kumpelekea mwizi PIN yako, huku rangi na nembo zikibaki zile zile.

Watengenezaji hujaribu kuzuia. Huvuruga maandishi ya ndani yasisomeke kirahisi, na apu nyingi za pesa hukataa kufunguka kwenye simu iliyofanyiwa ruti, yaani iliyoondolewa ulinzi wake. (Tunajua, inakera ukiwa na haraka.) Kusema kweli, hayo humchelewesha tu mtu mwenye subira.

Kinachomshinda ni sahihi. Kila apu hutiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo ambao mtengenezaji huuficha. Likija toleo jipya, simu hulinganisha sahihi yake na ya lile la zamani. Zikitofautiana, inakataa. Ukishafuta la zamani, simu haina tena cha kulinganisha, na ndiyo maana jamaa anakuharakisha. Ni kweli simu iliyojaa pia inaweza kukataa, lakini hiyo utaimaliza kwa kupunguza picha.

Apu yetu ipakue Play Store pekee, hata kama itabidi usubiri mtandao utulie.

Umeshaweka ile ya kutumiwa? Zima data, toa laini, iweke kwenye kabambe na ubadilishe PIN kwa menyu ya kawaida. Halafu tupigie usiku huo huo, kabla hujaenda kwa wakala. Usione haya, hutakuwa wa kwanza.