Picha iliyokosa kiti kwenye kadi

MTOTO wa leo akitaka kuona picha ya twiga kwenye simu ya mamake, ni kugusa tu. Picha hiyo hapo, na rangi zake zote. Hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba kuna wakati kuweka picha ya rangi kando ya maneno mawili matatu kwenye kompyuta ilikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho.

Hebu turudi nyuma hadi Agosti 1987. Mwezi huo kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa programu iitwayo HyperCard. Aliyeiunda ni Bill Atkinson, fundi aliyekuwa tayari ameipa kompyuta ya Macintosh programu yake ya kuchora, MacPaint. Atkinson aliikabidhi Apple kazi hiyo kwa sharti moja: kila anunuaye Macintosh aipate HyperCard bila kulipa zaidi.

Chukua mfano wa kadi za maktaba zilizopangwa kwenye rundo. Juu ya kila kadi waweza kuandika maneno, kuchora na kuweka vitufe. Ukibonyeza kitufe, unarukia kadi nyingine. Ni hayo tu, lakini yalitosha kumwezesha mwalimu wa shule ya msingi, asiyejua lolote kuhusu uhandisi wa kompyuta, kujitengenezea somo lake mwenyewe. Hata amri zake, zilizoandikwa kwa lugha iitwayo HyperTalk, zilikaribia sana Kiingereza cha kawaida.

Sasa, tatizo lilikuwa wapi? Kwenye picha.

Kadi ya HyperCard ilikatwa kwa kipimo cha skrini ya Macintosh ya 1984, yaani nukta 512 kwenda upande na 342 kwenda chini. Kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Hapakuwa na kijivu, seuze nyekundu. Na haya yalitokea mwaka uleule ambao Apple ilileta Macintosh II, mashine iliyoweza kuonyesha rangi! Aliyeinunua alifungua HyperCard akajikuta amerudi kwenye nyeusi na nyeupe.

Kabla ya kumlaumu fundi, tupige hesabu. Picha ya kujaza kadi nzima ina nukta 175,104. Zikiwa nyeusi na nyeupe, nukta nane hutoshea kwenye baiti moja, kwa hivyo picha yote ni baiti 21,888. Ukitaka rangi 256, kila nukta inadai baiti yake peke yake, na mzigo unakuwa mara nane. Diski ya kilobaiti 800 ingebeba zaidi ya picha 30 za nyeusi na nyeupe, lakini za rangi nne tu, zisipobanwa.

Ndipo ujanja ukatumika. Atkinson alikuwa na njia yake ya kugeuza picha ya kamera kuwa nukta. Kompyuta inapoamua kwamba nukta ya kijivu iwe nyeusi, inajua imekosea kwa kiasi fulani. Kosa hilo inaligawa: nukta sita za jirani zinapewa sehemu moja ya nane kila moja, na kinachobaki kinatupwa. Ukitazama kwa mbali unaona uso wa mtu, na kivuli chini ya kidevu. Sogea karibu, ni mchanga mtupu. Wapo wanaozipenda picha hizo hadi leo, na mwandishi huyu ni mmoja wao.

Toleo la pili lilikuja 1990, likaruhusu kadi za vipimo mbalimbali. Katika matoleo hayo kulikuwa pia na amri ya nyongeza iliyoitwa picture. Uliitajia jina la faili na aina ya dirisha unalotaka, na picha ya rangi ikafunguka. Lakini haikuketi kwenye kadi. Ilifunguka katika dirisha lake lenyewe, likielea juu ya kadi kama mgeni aliyekataa kiti. Ukihamia kadi nyingine, mgeni yupo palepale, mpaka uandike amri ya kumfukuza.

Isitoshe, picha yenyewe ilibaki nje, katika faili yake. Mwalimu aliyenakili rundo lake kwenye diski ili ampe mwenzake, akasahau faili ya picha, alimpelekea maneno matupu.

Waliofaidi kuliko wote ni ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller. Mwaka wa 1988 walitoa The Manhole, hadithi ya watoto ya nyeusi na nyeupe. Mwaka wa 1993 wakatoa Myst, mchezo wenye picha takriban 2,500 za rangi. Ndani yake ni marundo ya HyperCard yaleyale. Rangi ilipakwa juu ya kadi kwa amri za nyongeza, na CD-ROM ndiyo iliyobeba mzigo ambao diski ndogo zisingeuweza. Myst iliuzwa kwa mamilioni.

Apple iliacha kuuza HyperCard Machi 2004. Mwaka huohuo Atkinson, aliyekuwa amegeuka mpiga picha, alitoa kitabu cha picha za mawe yaliyosuguliwa, zenye rangi za kustaajabisha. Alifariki Juni 5, 2025.

Mwaka wa 2017, HyperCard ilipotimiza miaka 30, maktaba ya Internet Archive ilianza kuyaweka marundo ya zamani mahali ambapo mtu anaweza kuyafungua kwa kompyuta ya leo. Picha zilizochorwa kwenye kadi zenyewe zinaonekana kama zamani. Ila rundo lililofika bila faili zake za nje halina la kuonyesha: kitufe kipo, unakibonyeza, na picha haiji. Kwa hivyo aliye na diski hizo kabatini asinakili rundo peke yake, anakili kila faili iliyomo. Na asidanganywe na kisomadiski cha kawaida cha dukani, kwani diski za kilobaiti 800 za Macintosh hakizisomi. Atafute Macintosh nzee ambayo bado inawaka.