Mgongano Hutokea Masikioni mwa Mpokeaji

Kuna mitandao ya redio isiyo na mnara wala kituo kikuu. Kila kifaa huzungumza na jirani yake moja kwa moja, na ujumbe wa kwenda mbali hupokezanwa mkono kwa mkono. Mitandao hiyo ina swali ambalo lazima lijibiwe maelfu ya mara kila sekunde: nani arushe sasa? Wote wanatumia chaneli moja. Wawili wakirusha kwa wakati mmoja karibu na mpokeaji yuleyule, mawimbi yanachanganyika na aghalabu pakiti zote mbili zinaharibika. Na hakuna wa kugawa zamu.

Jibu la kwanza lilitoka Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako Norman Abramson na wenzake walianza kuendesha ALOHAnet mwaka 1971, vituo vikizungumza na kompyuta iliyokuwa kisiwani Oahu kwa biti 9,600 kwa sekunde. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: ukiwa na pakiti, rusha, usipopata uthibitisho, subiri muda wa kubahatisha, kisha rusha tena. Wepesi huo una gharama. Hisabati inaonyesha kwamba hata hali ikiwa nzuri kabisa, takriban asilimia 18 tu ya muda wa chaneli ndiyo inayobeba pakiti zinazofika salama. Muda ukikatwa vipande vilivyo sawa, na kila mmoja akalazimika kuanza mwanzoni mwa kipande, kiwango hicho kinafika karibu asilimia 37, kwa sababu pakiti haiwezi tena kugongwa mkiani na nyingine iliyochelewa kuanza.

Hatua iliyofuata inaonekana ya wazi: sikiliza kwanza, na ukikuta kimya ndipo urushe. Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi waliichambua kanuni hii mwaka 1975, na mwaka huohuo wakaonyesha mahali inapovunjika. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote.

Chukua milima ya Usambara, kule Lushoto. Weka redio moja juu ya mgongo wa mlima, na mbili mabondeni, moja kila upande. Ya mlimani inazisikia zote mbili. Za mabondeni hazisikiani, kwa kuwa mlima umezikinga. Ya bonde la mashariki inasikiliza, inakuta kimya, inarusha. Ya magharibi nayo inasikiliza, inakuta kimya, inarusha. Kila moja imefuata kanuni bila kosa, na kule juu hakuna kilichosikika. Msikilizaji alikuwa mrushaji, lakini mgongano hutokea kwa mpokeaji. Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona fundi akiongeza nguvu za kurushia kwenye mtandao unaosuasua. Kama kikwazo ni mlima, nguvu hazitawafanya wawili hao wasikiane. Zitawasumbua tu majirani wengine ambao awali walikuwa salama.

Dawa inayojulikana zaidi ilipendekezwa na Phil Karn mwaka 1990, kutoka katika ulimwengu wa redio za ridhaa. Mrushaji hutuma kwanza ombi fupi, na mpokeaji hujibu kwa ruhusa fupi inayotaja muda utakaotumika. Ombi haliwezi kuvuka mlima, lakini ruhusa inatoka juu, kwa hiyo bonde la pili linaisikia na kunyamaza. Uzuri wa wazo hili ni kwamba sauti ya kuzuia wengine inatoka palepale penye hatari.

Kiwango cha 802.11, ambacho ndicho msingi wa Wi-Fi, kililichukua wazo hilo mwaka 1997 na kulichanganya na kusubiri kwa kubahatisha. Kifaa huchagua namba, tuseme kati ya 0 na 31, huhesabu kushuka chaneli inapokuwa kimya, na husimamisha hesabu mwingine anapoongea. Pakiti isipothibitishwa, uwanja wa kuchagulia unakuwa maradufu, hadi 1,023.

Lakini kuomba ruhusa nako kunakula muda. Katika 802.11b ya mwaka 1999, pakiti ya baiti 1,500 kwa kasi ya megabiti 11 huchukua mikrosekunde 1,100 hivi. Ombi na ruhusa, vikitumwa kwa kasi ya chini ya megabiti 1 ili kila mtu avielewe, pamoja na vitangulizi vyake virefu, huchukua karibu mikrosekunde 680. Kwa pakiti ya baiti 100, kuomba kunachukua muda mrefu mara kadhaa kuliko data yenyewe. Ndiyo sababu vifaa vingi hutoka kiwandani huduma hii ikiwa imezimwa. Naona iwashwe pale tu pakiti zilipo kubwa na vituo visivyosikiana vilipo vya kweli.

Kwenye mnyororo wa redio zinazopokezana, hali ni ngumu zaidi. Redio ya kwanza ikirusha, ya pili inapokea, na ya tatu na ya nne lazima zitulie ili zisiivuruge ya pili. Hivyo, hata kwa upangaji bora kabisa, mnyororo mrefu unabaki na robo ya kasi ya kiungo kimoja. Utafiti wa Jinyang Li na wenzake, uliotolewa mwaka 2001, ulikuta kwamba kanuni za 802.11 zinafikia kama sehemu moja ya saba tu, kwa sababu redio za mwanzo hurusha mno kuliko zile za mbele zinavyoweza kupokeza.

Kwa wanaojenga mitandao ya jamii, kama ile ya TunapandaNET huko Kibera, Nairobi, hesabu hizi zinagusa mfuko moja kwa moja. Pesa ya nyongeza ikipatikana, ningeiweka kwenye redio ya pili katika kila kituo cha kupokezana: moja ipokee kwenye chaneli 1, nyingine irushe mbele kwenye chaneli 6 au 11, ambazo katika masafa ya gigahezi 2.4 haziingiliani, na antena za redio hizo mbili zitenganishwe vya kutosha ili redio jirani isiizibe nyingine. Kisha masomo na video zinazotazamwa kila siku ziwekwe kwenye seva iliyo ndani ya mtaa, ili pakiti nyingi zimalize safari zake kwa mruko mmoja au miwili kutoka redio hadi redio.