Masika, Uchaga Mtupu na Kuku wa Mama

Mgeni apandaye kutoka Kombani kuelekea mji wa Kwale mwezi wa Aprili, mvua ya mwaka ikiwa imekwisha kutua, huona kijani pande zote akadhani amefika nchi ya shibe. Nyasi zimeota hata katikati ya mapito, mikorosho imeoshwa vumbi, na kila kiambo kina shamba lililotifuliwa. Mwenye kiambo hucheka kimoyomoyo. Yeye ajua kwamba wakati huu ndio uchaga wake ulio mtupu kuliko wakati mwingine wowote. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha, ya vuli yalikuwa haba, na haya yaliyopandwa juzi hayataliwa mabichi mpaka mwisho wa Juni, wala hayatakauka kabla ya Julai au Agosti. Kijani cha masika, kwa aliyezaliwa shambani, ni rangi ya njaa.

Nyumba ninayotaka kuisimulia iko upande huo wa Matuga, nami sitaitaja jina. Ni ekari mbili, minazi kumi na mitatu, mwembe mmoja mkuukuu, mbuzi watatu na kuku wasiozidi kumi na wawili. Wanaokula hapo ni wanane: nyanya, mwanawe, mkazamwana wake na watoto watano. Baba ni fundi wa mawe, na masika fundi wa mawe hana kazi, kwa kuwa hakuna ajengaye mvuani. Basi miezi mitatu hiyo nyumba huishi kwa kilicho ardhini na kwa akili ya wanawake wake wawili.

Nyanya hahesabu masika kwa miezi yetu ya Kiislamu, wala hawezi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, ndiyo sababu Ramadhani huzunguka majira yote. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, watu wakafyeka mashamba na huku wamefunga. Kwa kilimo wazee wa pwani walishika Nairuzi, siku ya mwaka, inayoangukia mwishoni mwa Julai, wakahesabu miongo, yaani makumi ya siku. Miongo ishirini na minne ikitimia, umefika yapata tarehe 20 Machi. Hapo nyanya hutoka nje alfajiri akatazama upepo: Kaskazi imelegea, Kusi haijashika, joto halina pa kwenda. Siku hiyo majembe hunolewa.

Mbegu yake iko jikoni. Juu ya mafiga kuna uchaga, na katika moshi wa uchaga huo hutundikwa mahindi arobaini mazima, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Fukusi hawapendi moshi. Hayo ndiyo mahindi ya mwisho ndani ya nyumba, na katika wiki za mwisho za Machi, unga wa dukani ukiwa wa kukopa, kila mtu huinua macho kuyatazama. Hakuna anayethubutu kuyashusha. Mkazamwana alinieleza kwamba mwaka wake wa kwanza nyumbani humo alishangaa kuona watu wanalala na uji mwepesi chini ya chakula kilichoning'inia; mwaka wa pili hakushangaa tena.

Baba naye hununua mbegu ya kisasa, Pwani Hybrid, iliyotokana na utafiti wa kituo cha Mtwapa na kutengenezwa kwa ajili ya joto la pwani. Huzaa vizuri zaidi, lakini uzao wake hauwekwi mbegu. Ukiurudia msimu wa pili nguvu hupungua, na kila mwaka lazima urejee dukani na fedha mkononi. Nyumba hii hupanda zote mbili, nusu kwa nusu. Naona wamefanya vyema. Mwaka ambao fedha hazikupatikana, shamba halikulala.

Mbegu ikiisha kufukiwa, chakula kinatoka wapi? Kwanza hutoka katika yale yasiyopandwa na mtu. Siku kumi baada ya mvua mchunga huota wenyewe kando ya shamba, mchungu kweli, ukatiwa tui la nazi mpaka uchungu ukalainika. Halafu mchicha na mnavu. Kunde zilizopandwa baina ya mahindi huchumwa majani baada ya wiki tatu au nne, kwa mpango, machache katika kila shina, ili shina liendelee kuzaa. Matembele hayakosi. Kisamvu hutwangwa sana na kuchemshwa sana, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu isiyotoka ila kwa kinu na moto. Na hapa ndipo masika hutesa, maana kuni zimelowa. Mwanamke aliyepanga kuni zake kavu chini ya uvungu wa kitanda tangu Februari hupika. Asiyepanga hupuliza moto mpaka macho yakavimba. Wanaume hatuandiki habari za kuni katika hesabu zetu za kilimo, nami sijui kwa nini.

Na kuku. Hawa ni wa mkazamwana. Alianza na mitetea miwili aliyopewa na mamake alipojifungua mtoto wa pili, na wote waliopo ni uzao wao. Nyanya alikuwa akiwatibu kwa majivu na pilipili, na kila msimu kideri kikipita kijijini, mabanda yalibaki manyoya matupu. Mkazamwana akamwendea afisa wa mifugo, akajifunza kuchanja kwa tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku mia, na hakuna mwenye kuku mia, basi majirani sita huchangishana, wakachanja wote asubuhi moja kabla chanjo haijapoteza ubaridi. Tangu hapo watoto hupata yai, na la ziada huuzwa.

Mwishoni mwa Aprili shule hufunguliwa kwa muhula wa pili. Kijana mkubwa yuko sekondari, na karo ilikuwa haijatimia. Mchuuzi wa kuku akapita na pikipiki yake, matenga nyuma, na baba akasema wauzwe saba.

Mkewe alikuwa akichambua kunde. Akamwambia, "Bwana, kuku hawa ni wangu. Sikatai mwanetu asome. Lakini ukichukua, useme umekopa."

Baba hakujibu. Nyanya aliyekuwa kibarazani ndiye aliyesema, "Mwanangu, mkeo hakukosea. Babako aliuza mbuzi wangu wawili mwaka wa njaa, akafa hajanilipa. Nimemsamehe, ila sijasahau."

Ndipo walipokuja kwangu kuuliza, wote wawili, bila ugomvi. Jambo lenyewe halina utata katika sheria yetu. Qur'an, katika Suratun Nisaa aya ya 32, imewapa wanaume fungu katika walichokichuma na wanawake fungu katika walichokichuma. Mali ya mke haiingii katika mali ya mume kwa sababu ya ndoa, wala kwa sababu kuku wanalala katika banda alilojenga mume. Matumizi ya watoto yako juu ya baba. Mke akitoa kwa ridhaa yake ni sadaka yake, akikopesha ni deni, na deni huandikwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika deni. Yako majumba mengi ambamo aya hii inasomwa Ramadhani nzima, na hakuna aliyewahi kuandika kwenye daftari kwamba amekopa kuku wa mkewe. Wapo waume watakaochukia kusoma haya, nao wana haki ya kuchukia.

Wakaandika. Kuku wanne, si saba, kwa sababu mitetea mitatu ilikuwa imeatamia na siku ishirini na moja zilikuwa hazijatimia. Malipo ni mkwezi akija kuangua nazi mwezi wa Juni. Nyanya na jirani mmoja wakashuhudia. Sehemu ya karo iliyobaki baba aliiombea muda shuleni, akapewa.

Mei mvua huwa nyingi kupita yote. Paa la makuti huvuja upande wa watoto, wakahamia kwa nyanya, wanne katika chandarua kimoja. Mahindi yanafika magotini na viwavijeshi vamizi, ambavyo Kenya imevijua tangu 2017, huingia moyoni mwa mmea. Mama na mabinti huvitafuta mmoja mmoja asubuhi, wakavitoa kwa vidole na kutia majivu kidogo mahali pake. Mahindi yakianza kubeba huja ngedere. Babu alipokuwa hai palikuwa na dungu la kuamia, na watoto walishinda juu yake wiki nzima. Siku hizi mama amekataa. Watoto huamia Jumamosi na Jumapili, na jioni baada ya madrasa. Siku za shule huamia nyanya, na bati lake bovu na sauti yake, ambayo haijaharibika.

Hindi bichi la kwanza lilichomwa Juni ikielekea ukingoni, likagawanywa vipande vinane. Nilimuuliza baba kama atafikia nisabu ya zaka, ambayo wanazuoni wengi huikadiria kama kilo 650, yaani magunia saba na ushei, na inayotolewa fungu la kumi kwa kilimo cha mvua. Akacheka, akasema labda magunia manne. Zaka haimlazimu, lakini nyanya alikuwa amekwisha kutenga debe la mjane wa jirani.

Mkwezi alikuja wiki ile ile. Deni lilitoka mara mbili, nusu kwa nazi za Juni, nusu baba aliporudi kwenye kazi ya mawe mwezi wa Julai, na kila mara mkewe alipiga mstari daftarini mbele ya nyanya. Vifaranga walioanguliwa Mei walikuwa ishirini na sita. Mwewe amechukua watano.