Kanga, vikwembe na bakuli za bibi: kwa nini bado naenda Galerie d'Ixelles



Baadhi yenu mmeniuliza mara kadhaa: hivi wewe uliyehamia kijijini huko Condroz, kusini ya Namur, kwenye ng'ombe na matope, mbona kila mwezi unapanda treni kwenda Brussels na kurudi na mfuko wa vitambaa vikuukuu? Mke wangu naye huuliza hivyo hivyo, ila kwa ukali zaidi. Leo nijibu kwa kirefu kidogo, maana naona jambo lenyewe si langu peke yangu.

Kwa wasioijua, Galerie d'Ixelles ni njia iliyoezekwa inayopita ndani ya majengo, kati ya barabara ya Chaussée d'Ixelles na ile ya Chaussée de Wavre, karibu na Porte de Namur. Ndiyo moyo wa Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Mtaa ulianza na wanafunzi wa Kikongo waliopangishwa katika Maison Africaine mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu 2018, hatua chache kutoka hapo, kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Ukishuka stesheni ya Bruxelles-Luxembourg unafika kwa miguu, dakika kumi hivi. Ndani ya Galerie ni wasusi, vinyozi, mafuta ya nywele, na maduka ya vitambaa. Lugha inayosikika zaidi ni Kilingala na Kifaransa, lakini tega sikio: Kiswahili cha Bukavu, cha Goma, cha Lubumbashi na cha Bujumbura kipo pia.

Mimi nilikwenda kule mara ya kwanza kutafuta kanga. Sikupata. Nilichopata ni vitenge, ambavyo akina mama wa Kivu huviita vikwembe. Nikavibeza, nikasema hivi si vyetu. Siku moja mama mmoja wa Bukavu, mtu mzima, aliyekuwa anasubiri kusukwa, akaniona nimeshika kipande na kukirudisha. Akaniambia, "Mwanangu, hii kikwembe iko na jina yake." Akanieleza jina, akanieleza nani alivaa katika ndoa ya dada yake, na kwa nini wifi yao alinuna. Dakika ishirini nzima. Halafu akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba vya kwake vyote vilikuwa kwenye sanduku, na mwanawe alipomhamisha nyumba alilitia sanduku lote kwenye lile pipa la nguo kuukuu barabarani. Kijana hakukusudia ubaya. Aliona matambara tu.

Tangu siku ile nimeielewa tofauti moja kubwa. Kanga huja na jina lake limechapwa juu yake. Ina pindo, ina mji, na ndani ya mji kuna jina: "Hasidi hana sababu" na mengine mengi mnayoyajua. Kitenge hakina maneno hayo. Jina lake hupewa na wauzaji na wavaaji, sokoni, kwa mdomo. Kuna nakshi moja maarufu ambayo Afrika Magharibi huitwa kwa Kifaransa "Jicho la mpinzani wangu". Jina hilo hulioni popote kwenye kitambaa. Basi akifa anayelijua, jina nalo limekufa, na kinachobaki ni pamba yenye rangi.

Msidhani sisi wa kanga tumepona. Mama yangu alipofariki Mombasa niliachiwa doti kumi na tano. Majina yote nayasoma. Lakini ile moja ya maneno makali, alimnunulia nani? Alimvalia nani? Hakuna aliyebaki wa kuniambia, na mimi nilikuwa na miaka thelathini ya kumuuliza.

Sasa tuje kwenye lile linalowashangaza Wabelgiji ninapowaeleza. Vitambaa hivi tunavyoviita vya Kiafrika vina mizizi hapa hapa tunapoishi. Baada ya Ubelgiji kujitenga na Uholanzi mwaka 1830, wenye viwanda vya pamba waliona soko la makoloni ya Uholanzi limewaponyoka. Baadhi yao wakahamia Uholanzi katika miaka ya 1830. Prévinaire alitoka Brussels akaenda Haarlem. Huko ndiko ilikoundwa mashine ya kupaka utomvu kwenye kitambaa pande zote mbili, kwa kuiga batiki ya Java. De Heyder alitoka Lier, karibu na Antwerp, akaenda Leiden. Helmond nako kilianzishwa mwaka 1846 kiwanda kinachojulikana leo kama Vlisco, na bado kinachapa. Kanga zilipoanza kushika kasi Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya Uholanzi vilikuwa miongoni mwa vilivyozichapa, huku wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mwenye ile alama ya "Mali ya Abdulla", wakijua wanawake wanataka nini. Yaani bibi zetu waliamua, Mholanzi akachapa. Alipokosea rangi, mzigo ulidoda.

Kwa wanaotaka kuanza kukusanya, haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa hasara.

Kwanza, tazama ukingo wa kitambaa kabla ya kutazama maua. Pale huandikwa kiwanda, nchi, mara nyingine namba ya nakshi. Kanga yenye jina la Urafiki haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, maana kiwanda hicho cha Dar es Salaam ndipo kilipoanza. Jina la kanga likiwa kwa herufi za Kiarabu, kuna uwezekano mkubwa ni ya zamani, ingawa si hakika. Kitenge chenye neno Zaïre ni cha kati ya 1971 na 1997. Cha ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili nchini Zaire ni cha 1980 au 1985. Nguo za sherehe ndizo rahisi kuzipa umri, na ndizo watu wanazozitupa upesi, hasa zenye sura ya mtawala aliyepinduliwa.

Pili, geuza kitambaa. Waksi halisi ina rangi sawasawa pande mbili, na ina vijimishipa vyembamba pale utomvu ulipopasuka ndipo rangi ikapenya. Kama upande wa nyuma umepauka, kimechapwa upande mmoja tu. Si kosa, lakini usilipe bei ya waksi. Mimi nililipa, nikaambiwa ni cha miaka ya 1960. Nyumbani nikakuta alama ya kiwanda imekatwa kwa mkasi. Ukingo uliokatwa bila sababu ni dalili tosha.

Tatu, nyumba ya shamba ni adui wa pamba. Nilihifadhi doti nne za mama kwenye mfuko wa plastiki, chumba cha chini ya ardhi. Majira ya baridi moja tu, kuvu ikala mji wote wa kanga mbili. Sasa naviviringisha kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa shuka nyeupe kuukuu iliyofuliwa bila wanga, navitia chumba kikavu cha juu, gizani. Wanga unavuta wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha. Pini za chuma huacha kutu. Na kabla ya kufua, gusa pembe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihama, usifue.

Nne, fungua daftari. Kila kipande kina ukurasa wake: nani alikuwa nacho, alikinunua wapi, alikiitaje, alikivaa lini. Ukurasa huo una thamani kuliko kitambaa. Anayekupa habari mwandike kwa lugha yake na matamshi yake, usimsahihishe. "Iko na jina yake" iandike hivyo hivyo.

Na faida ya kukaa kijijini? Ni magulio ya vyombo vya kale, brocante kama wanavyosema hapa. Kila kiangazi vijiji hutoa nje kilichokuwa darini. Huko nilikutana na bakuli lenye maua ya rangi, nikasimama. Lilikuwa ndilo, yaani bakuli la bibi, lile la wali wa Idi. Nikaligeuza: Petrus Regout, Maastricht. Kiwanda hicho kilianza miaka ya 1830 mwendo mfupi tu kutoka Liège, na vyombo vyake vilisafiri hadi Unguja, Pemba na Lamu. Vipande vyake hufukuliwa na wanaakiolojia huko mpaka leo. Bibi alisema lilitoka Ulaya, tukadhani anajisifu. Muuzaji alitaka euro tatu.

Neno moja la tahadhari. Kwenye magulio hayo hayo utaona vinyago, shoka za kichifu, vitambaa vya rafia vya Wakuba wa Kasai, vyote vimetoka kwa babu aliyekuwa mtumishi wa koloni. Hivyo ni kesi nyingine. Kikwembe mama alikinunua, akakivaa, akakigawa kwa hiari yake. Kinyago huenda hakikutoka hivyo. Ubelgiji yenyewe ilipitisha sheria Julai 2022 ya kuruhusu vitu vya makoloni vilivyo mikononi mwa dola kurudishwa, na Tervuren wanachunguza asili ya walivyo navyo. Sheria hiyo haimgusi muuzaji wa guliani, lakini sisi tunajua la kuuliza: hiki kilitokaje mikononi mwa mwenyewe? Asipokuwa na jibu, mimi huacha.

Ombi langu ni dogo. Wengi wetu tuna mama, shangazi au mama mkwe mwenye sanduku, awe Brussels, Leicester, Muscat au Toronto. Msisubiri ahamishwe nyumba. Nendeni Jumapili hii, mfungue sanduku mbele yake, mmwache aseme. Yule mama wa Bukavu nilimwandika kurasa sita pale pale Galerie, siku mbili tofauti, yeye akisukwa. Vikwembe vyake hatukuvipata. Majina kumi na moja tunayo.

Mwenye kujua zaidi na aniongeze, na mwenye kusahihisha na asahihishe.

Wasalaam.