Stani katika Sponji ya Godoro

Sponji ya godoro huzaliwa kwa dakika chache tu. Polioli na isosianati, ambazo ni vimiminika, huchanganywa pamoja na maji kidogo, na rojo hilo huumuka kama kinyunya cha mandazi kilichotiwa hamira, kwa kuwa isosianati inapokutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Wakati huohuo isosianati na polioli hushikana na kufanya minyororo mirefu ya poliurethani, ambayo ndiyo kuta za vitundu vya sponji. Kuumuka na kukaza huku lazima kwende sambamba, na kinachosukuma kukaza, aghalabu, ni kampaundi ya stani, metali ileile inayopakwa makopo ya chakula, ikiwa imeunganishwa na asidi ya kikaboni.

Kampaundi hiyo ni kichocheo, yaani huharakisha mmenyuko bila yenyewe kutumika ikaisha. Atomi ya stani ni kubwa na ina nafasi ya kupokea elektroni za oksijeni kutoka molekuli jirani, ikazishika molekuli hizo kwa muda, kisha ikaziachia zikiwa zimeungana. Kipimo chake ni kidogo mno, na hapo ndipo ustadi wa fundi huonekana: kikipungua, povu hupasuka au kuporomoka kabla kuta hazijakaza, kikizidi, vitundu hujifunga, gesi ikakosa pa kutokea, na bonge zima hunywea linapopoa.

Stani hiyohiyo, ikifungwa na vikundi vitatu vya kaboni ikawa tributili-stani, ni sumu kali. Ilitiwa katika rangi za meli ili viumbe vya bahari visigande ubavuni, lakini katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, makinda ya chaza yalikufa na maganda ya wakubwa yakaota manene kupita kiasi, hata serikali ikabana matumizi yake mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kutumika mwaka 2008.

Kwa hiyo anayesema metali nzito ni sumu, akaishia hapo, amesema nusu ya jambo. Bismuthi, elementi ya 83, inapakana katika jedwali la elementi na risasi, elementi ya 82 inayodhuru ubongo wa mtoto, ilhali baadhi ya kampaundi za bismuthi hunywewa kama dawa ya tumbo. Baadhi ya watengenezaji wa gundi na rangi za poliurethani wameiweka mahali pa stani, ingawa unyevu huvunja kampaundi zake na kudhoofisha uchocheaji, na hivyo huwalazimu kuilinda na maji tangu ghalani hadi inapotumika.