Kikohozi si Kipimo cha Minyoo ya Mapafu

Nchini Uingereza, mbwa anayevuja damu kwenye fizi bila jeraha anapaswa kushukiwa kuwa na minyoo ya mapafu hata kama hajawahi kukohoa. Sababu iko kwenye makazi ya mnyoo wenyewe, Angiostrongylus vasorum. Minyoo mikubwa haikai katika njia za hewa, bali katika upande wa kulia wa moyo na ateri zinazopeleka damu mapafuni. Mayai yake husafirishwa na damu hadi kwenye mishipa midogo kabisa ya mapafu, yakaanguliwa humo, na lava wakatoboa kuingia kwenye vifuko vya hewa. Hapo ndipo pafu huvimba na mbwa akaanza kukohoa. Lakini maambukizi hayo hayo yanaweza kuvuruga uwezo wa damu kuganda, hivyo wapo mbwa ambao dalili yao ya kwanza ni kutokwa na damu, hata ndani ya ubongo.

Mbwa huambukizwa kwa kumeza konokono au koa wenye lava, na wenye mbwa wengi hujibu kwamba mbwa wao hali konokono. Koa wadogo, hata hivyo, hunata kwenye nyasi na kwenye bakuli la maji lililolala nje, wakamezwa bila mbwa kukusudia. Koa hao huambukizwa na kinyesi cha mbwa na cha mbweha pia, na hatari imeongezeka: mbweha waliochunguzwa Uingereza mwaka 2005 na 2006 walikuwa na minyoo hii kwa asilimia 7.3, mwaka 2013 na 2014 ilikuwa asilimia 18.3.

Wengine hutegemea kipimo kimoja cha kinyesi. Lava hawatoki kila siku, na katika wiki za mwanzo hawatoki kabisa. Ndiyo maana maabara hutaka kinyesi cha siku tatu, na daktari huweza kuongeza kipimo cha damu. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba kumpa kila mbwa dawa kila mwezi ni kutumia dawa ovyo. Ni kweli, na ndiyo sababu uamuzi ufuate eneo na tabia za mbwa. Ila anayeishi penye ugonjwa na kula nyasi anahitaji kinga ya kila mwezi, kama moksidektini au milbemisini, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kwa kuwa si kila dawa ya minyoo ya tumbo hufaa kwa minyoo ya mapafu. Mbwa wa aina hiyo apimwe pia kabla ya upasuaji, kwa maana damu isiyoganda ikigunduliwa mezani, muda wa kumwokoa huwa mfupi mno.