Hazina ya Msimbo Katika Seva ya Mwenyewe

Mwezi wa Aprili mwaka 2005, watengenezaji wa kiini cha Linux waliponyimwa idhini ya kuendelea kuitumia bure BitKeeper, programu ya kampuni iliyokuwa ikihifadhi kazi yao, Linus Torvalds aliandika chombo chake mwenyewe, akakiita Git. Na kwa chombo hicho kila mwandishi wa programu hupata nakala kamili ya msimbo pamoja na tarikhi yake yote, hata asimhitaji mtu mwingine wa kumtunzia. Ni ajabu basi kwamba kaumu kubwa ya waandishi hao leo wameirudisha amana yao mikononi mwa makampuni machache, ilhali kuiweka katika seva ya mwenyewe si kazi ya kutisha.

Tuitwae kwa mfano Gitea, programu ya kuendeshea hazina za Git katika seva, iliyochipuka kutokana na programu ya Gogs mwaka 2016. Imeandikwa kwa lugha ya Go, na yote huja katika faili moja, ambalo katika mfumo wa Debian hutiwa ndani ya /usr/local/bin na kupewa ruhusa ya kutenda kazi. Kabla ya kuliamsha, huumbwa mtumiaji wa mfumo aitwaye git, asiye na nenosiri wala mamlaka ila juu ya folda yake ya nyumbani na ile ya /var/lib/gitea. Na hapa ndipo hekima ya Unix inapodhihiri, maana lau programu ingekuwa na tundu na adui akapenya, angejikuta ana uwezo wa git tu, si ule wa root, mmiliki wa mashine nzima.

Folda ya /etc/gitea ni ya root, lakini git huruhusiwa kuandika humo kwa muda, mpaka faili la mipangilio, app.ini, likamilike, kisha ruhusa huondolewa. Usiache kuiondoa. Kadhalika ukurasa wa usimikaji, ufungukao katika mlango namba 3000, usiachwe wazi kwa walimwengu, kwa sababu asipowekwa msimamizi papo hapo, mtu wa kwanza kujiandikisha ndiye atakayekuwa msimamizi.

Linipendezalo kuliko yote ni namna ya kuingia kwa SSH. Watu wote, wawe kumi au elfu, hubisha hodi kwa jina lile lile la git. Walakini kila mmoja ana ufunguo wa siri asioutoa, na ufunguo mwenziwe wa hadharani umeandikwa katika faili la authorized_keys, ukiwa umefungamanishwa na amri moja tu ya Gitea. Hivyo, ufunguo ukishatambuliwa, mgeni hapewi uwanja wa kuamuru apendavyo, bali Gitea hutazama ni nani na ana haki gani katika hazina aitakayo, ndipo imruhusu kusoma au kuandika, au imrudishe.

Yapo, hata hivyo, yasiyolindwa na Git. Mashauriano juu ya kasoro, majina ya watu na haki zao hukaa katika hifadhidata, SQLite kwa kikundi kidogo au PostgreSQL kwa kikubwa, wala hayamo katika nakala walizo nazo waandishi. Seva ikiungua, msimbo utaokolewa kutoka kompyuta ya yeyote aliyeunakili, lakini mazungumzo ya miaka yatateketea. Kwa hiyo Gitea na izimwe kitambo kidogo kila usiku, amri ya gitea dump ikusanye vyote katika faili moja, nalo lipelekwe mashine nyingine. Na kwa kuwa vitu hurejeshwa mahali pake kwa mkono, msimamizi na aijaribu kazi hiyo mapema katika mashine tupu, akihakikisha kwamba hifadhidata imerudi pamoja na app.ini, faili lenye ufunguo wa kufumbulia siri zilizofumbwa ndani ya hifadhidata hiyo.